Aya Tatu kwa Mhariri

Barua ya kupendekeza makala ni utanzu wenye msomaji mmoja tu. Haichapishwi, haihifadhiwi, na ikikubaliwa humezwa na makala iliyoiombea nafasi, ikikataliwa hupotea. Labda ndiyo maana wahakiki wameipita bila kugeuka. Hata hivyo, yeyote anayeandikia majarida ya ubunifu na utamaduni wa taswira anajua kwamba aya hizi tatu au nne, ambazo pengine hazijazi hata ukurasa, zina muundo wake na mvutano wake wa ndani, na kwamba mara nyingi kufaulu kwake hutegemea mpangilio wa sentensi kuliko uzito wa mada.

Tuchukue kanga, mada ambayo kila mmoja wetu anadhani anaijua. Mwandishi wa kwanza anafungua barua yake hivi: ningependa kuandika kuhusu kanga, vazi lenye historia ndefu na nafasi ya pekee katika utamaduni wa pwani. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la ukweli. Udhaifu wake ni wa umbo. Kitenzi kinachoiongoza ni hamu ya mwandishi mwenyewe, na sifa zake, urefu wa historia na upekee wa nafasi, zinaweza kuhamishiwa kwenye mlango wa Zanzibar, jahazi au kofia ya viua bila mshono kuonekana. Sentensi inayobadilishiwa kitu chake na isidhurike ni dalili kwamba aliyeiandika hakukitazama.

Mwandishi wa pili anaanza hivi: jina la kanga huandikwa mahali ambapo mvaaji hawezi kulisoma. Tusimame hapa kidogo, maana sentensi hii fupi imebeba mengi. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani msemo wake, lililowekwa ndani ya kisanduku chembamba juu ya pindo la chini, katikati ya urefu wa kitambaa. Ikifungwa kiunoni au kifuani, ncha zikakutana mbele, katikati hiyo huangukia nyuma, na jina huenda nayo. Mwanamke aliyelichagua dukani, akilisoma uso kwa uso, akishalivaa huwa amelitoa machoni pake na kulikabidhi kwa anayemfuata, au kwa yule anayeachwa amesimama mlangoni. Kwa hiyo jina lina wasomaji wawili kwa nyakati mbili, na mpaka kati yao ni kitendo cha kujifunga. Yote haya yamo ndani ya sentensi kama mbegu, wala hakuna kivumishi kilichotumika. Mhariri anaweza kuyathibitisha kwa kumtazama mpita njia.

Sentensi ya namna hii nitaiita sentensi-tazamo: ile ambayo hoja yake imo katika jambo linaloonekana kwa macho, kiasi kwamba ukiondoa jambo hilo hoja nayo inaanguka. Umahiri wake si mgeni katika uandishi wa fani hii. Roland Barthes, katika insha yake kuhusu gari la Citroën DS, lililozinduliwa Paris mwaka 1955, anaanza juu kabisa, kwa kulilinganisha gari na makanisa makuu ya Kigothi, na angeweza kubaki huko angani. Badala yake anashuka hadi kwenye viungo, pale bati linapokutana na bati na kioo kinapopokea bati, na ni viungo hivyo vinavyoifanya tamathali ya mwanzo istahili kuaminiwa. Insha ni ya kurasa chache tu. Nafasi finyu ya safu ya jarida, ambamo nyingi za insha zilizokuja kukusanywa katika Mythologies ya 1957 zilichapishwa kwanza, ilimlazimisha kuchagua sehemu moja ya kitu na kuikazia jicho. Barua ya pendekezo inambana mwandishi kwa ukali zaidi, na kwa maoni yangu inamfaa kwa sababu hiyohiyo.

Aya ya pili ya barua kwa kawaida ni ya ushahidi, na hapa waandishi wengi hubadili sauti bila kujua: aliyekuwa akitazama sasa anaahidi. Atafanya mahojiano, atachunguza, atagusia. Vitenzi vya wakati ujao vinarundikana, na kitu chenyewe kinafifia. Dawa ni kuiruhusu aya hii nayo itazame. Katika kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, kwa mfano, yapo maandishi ya pili, madogo kuliko jina, yasemayo Mali ya Abdulla. Mwandishi anayeyataja kwenye barua yake ameonyesha kwa mara moja kwamba ameshika kanga mkononi, kwamba anajua ni mlango upi atabisha, na kwamba makala yake itakuwa na swali jingine ndani ya lile la kwanza: kitambaa kimoja kinabeba sauti ya mvaaji na sahihi ya mfanyabiashara, kwa herufi za ukubwa tofauti, na macho yetu yamezoezwa kuisoma moja na kuiruka nyingine.

Suala la picha ndilo linaloitenga barua hii na zile zinazopelekwa magazetini. Jarida la taswira hufikiri kwa kurasa mbili zinazotazamana. Anayeandika mwishoni kwamba picha zitapatikana ameungama kwamba aliwaza kwa maneno peke yake. Kipimo kizuri ni kitabu cha Ways of Seeing cha John Berger na wenzake, kilichotoka mwaka 1972 kwa usanifu wa Richard Hollis: kati ya insha zake saba, tatu hazina maneno, ni picha tupu zilizopangwa zibishane; na katika zile nyingine picha hukaa palepale inapozungumziwa, ili jicho lisisafiri. Barua haiwezi kufanya hivyo, lakini inaweza kuonyesha kwamba inaelewa. Kanga iliyotandazwa upande wa kushoto, kanga hiyohiyo imevaliwa na kupigwa picha kutoka nyuma upande wa kulia: ukishaeleza mpangilio huo, nusu ya makala imekwisha kujengwa, na maelezo ya picha yanaweza kuwa mafupi mno.

Kuhusu aya ya mwisho, ile ya wasifu, sina mengi. Iwe fupi. Kinachovutia zaidi ni salamu. Barua za Waswahili wa kale, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilimpamba mpokeaji kwa sifa na dua, kisha zikavuka kwa ama baadu ndipo shughuli ikaanza. Na bado tunaisikia adabu hiyo mkononi tunapomwandikia mhariri tusiyemjua. Sioni sababu ya kuiua. Mstari mmoja wa heshima, kisha kuvuka kwa ghafla hadi kwenye sentensi-tazamo, hutoa mdundo ambao barua inayoanza kavukavu haiwezi kuupata.

Likishakubaliwa pendekezo, hutokea jambo ambalo mwandishi mchanga halitarajii. Mhariri mwenye sikio huichukua sentensi bora ya barua na kuiweka chini ya kichwa cha makala, katika ile mistari michache ya kumvuta msomaji. Uamuzi huo ni sahihi, kwa kuwa sentensi iliyomshawishi yeye itamshawishi na msomaji. Lakini mwandishi amenyang'anywa mlango wake wa kuingilia. Akiirudia katika aya ya kwanza, msomaji atakuwa amesoma jambo lilelile mara mbili kabla hajafungua ukurasa wa pili, na makala itaonekana kuwa barua iliyorefushwa. Inabidi aingie kwa upande mwingine, kwa sehemu ya kitu ambayo barua iliigusa bila kuimaliza. Katika kanga hii ningeanzia kwenye Mali ya Abdulla, nikalifikia jina baadaye, kutoka pembeni.