Kicheko Kinamwangukia Nani? Tashtiti na Chuki ya Kikabila
Mchekeshaji anapoivaa chuki ili aikejeli, ni nani hasa anayechekwa? Swali hili si la kinadharia tu kwa msomaji wa Kisii au Nyamira. Mzaha kwamba Mgusii ni mchawi umezoeleka majukwaani, ilhali mwaka 2008 watu 11 waliuawa katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi, na mnamo Oktoba 2021 vikongwe wanne wakauawa huko Marani kwa tuhuma zizo hizo.

Filamu ya Mel Brooks, Blazing Saddles (1974), inatufaa kwa ulinganisho. Inafuata kanuni za sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, kisha inazipindua. Mwanasheria mkuu mlafi anaitamani ardhi ya mji wa Rock Ridge, kwani reli itapita hapo. Ili wakazi weupe watawanyike, anawapelekea mlinzi wa sheria Mmarekani Mweusi, Bart, aliyeigizwa na Cleavon Little. Wakazi wanapomlenga bunduki, Bart anajiwekea bastola kichwani na kujiteka nyara mwenyewe, akiigiza kwa zamu mtekaji katili na mtekwa mnyonge. Umati unarudi nyuma kwa hofu! Chuki imewapofusha kiasi cha kutoona kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Tunashikilia kwamba hapa ndipo penye kiini cha tashtiti hiyo: Bart anaigeuza picha waliyomchorea kuwa silaha, na kichekesho ni wao. Si jambo dogo kwamba Richard Pryor, mchekeshaji mweusi, alikuwa miongoni mwa waandishi wa mswada.

Kwetu, Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeaga dunia mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang' katika Vitimbi kwa lafudhi ya Kijaluo. Lafudhi ilikuwa vazi. Ujanja wake na mivutano yake na Mama Kayai ni mambo ya mzee yeyote wa Kenya. Aghalabu waliomfuata walilichukua vazi wakamwacha mzee. Kundi la Redykyulass, alimokuwamo Mgusii Walter Mong'are, yaani Nyambane, lilikwenda mbali zaidi: kwa kumwiga Rais Moi, lafudhi ilielekezwa kwa mamlaka, wala si kwa kabila.

Mzaha wa uchawi hauna sifa hizo. Anayecheka lafudhi halazimiki kusadiki lolote. Anayecheka mchawi sharti asadiki kidogo. Bergson alieleza mwaka 1900 kwamba kicheko huhitaji moyo upigwe ganzi kwa muda. Ganzi hiyo ukumbini haina madhara makubwa. Kijijini, mbele ya ajuza aishiye peke yake, ni jambo jingine kabisa.

Ubunifu unaokosekana ni ule wa Rock Ridge: kuuweka umati jukwaani, pamoja na anayeuchochea. Watetezi wa wazee wamerudia kusema kwamba nyuma ya tuhuma hizi mara nyingi mna mgogoro wa shamba. Ulinganifu na filamu ni wa kushangaza, maana huko nako chuki ni chambo tu, na windo ni ardhi. Brooks alimleta mwenye tamaa hiyo mbele ya kamera na kumfanya kioja. Wachekeshaji wetu bado wanamleta ajuza.