Mama, Mtoto na Bangi

Katika mwaka 2009 Marie Myung-Ok Lee, mwandikaji wa Marekani, alitangaza insha kueleza kwa nini anampa mwanawe wa miaka 9 bangi. Mtoto ana otisimu, hali inayomzuia kuelewana na wengine kwa urahisi katika usemi na mwenendo. Tumbo lilimwuma, aliuma watu, akala hata nguo zake. Mama aliogopa madhara ya dawa za kutuliza akili, akatafuta bangi kwa ruhusa ya serikali ya Rhode Island.

Kwetu bangi ni jina la aibu, na wako watakaoifunga insha hii mara moja. Sisi hatuwafuati. Mmea si dhambi. Dhambi ni matumizi mabaya. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu waganga kwamba ni halali kupunguza maumivu hata kwa dawa zinazofifisha akili, ikiwa njia nyingine hazipo na wajibu mwingine hauzuiliwi. Alisema hasa juu ya wanaokaribia kufa, lakini sababu yake yafaa hapa pia. Nguvu ya insha ni hiyo: mama anaanza na maumivu ya mtoto.

Lakini twaona upungufu. Kwanza, ushuhuda wa nyumba moja hautoshi. Mwaka 2021 yalitangazwa majaribio ya Yerusalemu juu ya watoto na vijana 150. Dawa ilikuwa na sehemu 20 za kanabidioli kwa sehemu 1 tu ya kile kinacholevya. Kati ya waliopewa dawa ya mmea mzima, 49 kwa mia walitulia sana katika ukali wao. Kati ya waliopewa kitu kisicho dawa, 21 kwa mia. Walakini majibu ya wazazi juu ya mwenendo wa nyumbani hayakuonyesha tofauti ya hakika.

Pili, na hili ni zito zaidi: utulivu wa nani? Mtoto akinyamaza, nyumba nzima inapumua. Lakini asiyeweza kusema «naumwa» hawezi pia kusema «mnanilaza». Mwaka 1952 Papa yuleyule alifundisha kwamba msimamizi hana juu ya mwili wa asiyejiamulia haki kupita ile ambayo mwenyewe angekuwa nayo. Basi tuulize kila mara: dawa yaondoa maumivu yake, ao kelele yake tu?

Padri akijiwa na mama wa namna hii asimkemee upesi, wala asimkubalie upesi. Aulize habari ya mganga na ya kipimo. Kisha aulize kama mtoto anakula, anacheza, anacheka. Insha hii yatufundisha kusikiliza mama. Mtoto mwenyewe, bado tumtafute.