Sifa ya Mlinda Lango

Katika fani zote ambazo wanadamu wamejifunza kwa ajili ya mpira wa miguu, hakuna iliyo ngumu kusifiwa kwa haki kama fani ya kulinda lango. Maana mshambuliaji husifiwa kwa jambo lililotokea, ambalo kila aliyehudhuria aliliona na nyavu zikalishuhudia, walakini mlinda lango husifiwa kwa jambo ambalo halikutokea, na ushahidi wa jambo lisilotokea ni haba, nao aghalabu husahauliwa kabla ya watazamaji kufika majumbani mwao. Kwa sababu hiyo imenipasa, mimi niipendaye fani hii, kuisema kwa kirefu, na kuisema kwa njia ya hukumu moja iliyowashughulisha wengi nchini: nani alistahiki tuzo ya kipa bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara katika msimu wa 2023/24.

Mji wetu wa Same umekaa chini ya Milima ya Upare, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Arusha hupita karibu na reli ya zamani itokayo Tanga, ile iliyofika Moshi mwaka 1911; na mashabiki wa hapa wamegawanyika kama njia zao zilivyogawanyika, wengine nyoyo zao zikielekea Yanga na Simba za Dar es Salaam, na wengine, hasa wenye ndugu na biashara upande wa pwani, wakiwa hawajaacha kuipenda Coastal Union, timu ya Tanga iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Basi msimu ule ulipokwisha, stendi ya mabasi na vibanda umiza vikawa kama mabaraza ya makadhi, kila mzee na kila kijana akitoa hoja yake, na majina yaliyopandishwa mizanini yalikuwa mawili: Djigui Diarra, raia wa Mali, kipa wa Yanga na mwenye tuzo ya msimu uliotangulia, na Ley Matampi, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipa wa Coastal Union.

Hesabu ilikuwa nyepesi kusomeka. Katika ligi ya timu 16, ambamo kila timu hucheza mechi 30, Matampi alimaliza mechi 15 pasipo kuruhusu bao, na Diarra mechi 14. Tuzo ikaenda Tanga. Wala mabwana hawa hawakuwa wageni wa kukabiliana, kwa kuwa wote wawili walikuwamo katika vikosi vya mataifa yao vilivyokutana Kigali tarehe 7 Februari 2016, katika fainali ya mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, siku ambayo Kongo iliishinda Mali kwa mabao 3 kwa 0. Lakini tofauti ya mechi moja ni nyembamba mno kuwanyamazisha wabishi, na haikupasa kuwanyamazisha, kwa kuwa idadi hutuambia ni mara ngapi mlango ulibaki umefungwa, isituambie ni nani aliyekuwa akiugonga, wala kwa nguvu gani.

Na tuitazame kazi yenyewe, kabla hatujawahukumu waifanyao. Wengi hudhani kwamba ustadi wa kipa umo katika kuruka, kwa sababu kuruka ndiko kunakopendeza macho. Ilhali wajuzi husema kwamba kipa anayeruka kila mara ni kipa aliyechelewa kusimama mahali pake. Ustadi wake wa kwanza ni hatua mbili tatu azipigazo kabla mpira haujapigwa, hatua za kumpunguzia adui pembe, hata mshambuliaji ainuapo macho aone lango limekuwa dogo kuliko alivyolidhania, naye apige palipobaki, ambapo mikono ya kipa inamngojea. Ustadi wake wa pili ni sauti, kwa maana yeye peke yake huuona uwanja wote mbele yake, na beki ambaye hakuambiwa kwa wakati kwamba nyuma yake pana mtu ni kama kipofu. Ustadi wa tatu ni uamuzi: krosi inapopaa, ana muda usiotosha kuvuta pumzi moja wa kuchagua kutoka au kubaki, kudaka au kupangua kwa ngumi, na kila chaguo lina hatari yake. Juu ya yote hayo, ni lazima awe na moyo wa kusahau, kwa kuwa kosa la mshambuliaji hufutwa na nafasi ijayo, bali kosa la kipa huandikwa ubaoni nalo halifutiki. Kipa Juma Kaseja alipowazuia Zamalek kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo mwaka 2003, wakati Zamalek walikuwa mabingwa wa Afrika, na kuivusha Simba, Watanzania walitambua kwa usiku mmoja uzito wa kazi ambayo siku nyingine huiona kama kusimama tu.

Watu wa Upare wanayo kazi moja ya asili inayoweza kutufundisha kupima fani hii. Milimani, na kwenye miteremko ya Bangalala na Makanya, wazee walichimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva, yanayopokea maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kupelekwa kwa mifereji katika mashamba ya watu kwa zamu. Mtunza ndiva huziba tundu la kutokea, hukagua kingo, huziba nyufa, na kazi yake ikiwa njema hakuna atakayeizungumza, kwa kuwa maji yamebaki pale yalipotakiwa kubaki. Lakini mtunza ndiva hasifiwi kwa mwaka wa mvua nyingi, ambapo hata ukingo wenye ufa hulifikisha bwawa ukomo; husifiwa kwa mwaka wa kiangazi, maji yakiwa machache, na kila tone lipoteapo ni mhindi wa mtu unaonyauka. Kadhalika kipa: tusiulize tu amefunga mlango mara ngapi, bali tuulize alifunga nini, dhidi ya nini, akiwa na msaada gani.

Kwa mizani hiyo, hoja ya Matampi ina nguvu. Yanga walitwaa ubingwa kwa alama 80, na Coastal Union wakashika nafasi ya nne kwa alama 43. Maana yake ni kwamba kipa wa Tanga alikuwa nyuma ya timu ambayo haikuwa na wingi wa ushindi wa kujifichia, timu ambayo bao moja la kizembe lingeweza kuiondolea alama zote za siku ile, naye katika hali hiyo akalifunga lango mara 15. Nafasi ile ya nne iliipeleka Coastal Union katika mashindano ya Afrika, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilijengwa kwa mikono yake.

Walakini insafu inatutaka tuisikilize hoja ya upande wa pili kwa masikio mawili. Watetezi wa Diarra husema kwamba kulinda lango la timu bora ni mtihani wa namna yake, kwa maana kipa anayeshambuliwa kila dakika huamshwa na hatari zenyewe, bali kipa wa mabingwa hukaa robo saa nzima bila kuugusa mpira, kisha hutakiwa awe macho kwa shambulio moja pekee, na akili iliyolala kidogo huamka wakati bao limekwisha ingia. Husema pia kwamba Diarra aliufanya mguu wake kuwa mwanzo wa mashambulizi ya timu yake, kwa pasi zilizowapita wapinzani waliokuja kumsonga. Tena hukumbusha kwamba katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mwaka 2024, Yanga walicheza na Mamelodi Sundowns mechi mbili zilizokwisha bila bao, Dar es Salaam na Pretoria, hata wakatolewa kwa penalti tu. Na mechi hizo mbili, zilizo kubwa kuliko nyingi za ligi, hazimo katika 14 zake. Hoja hizi ni za kweli, na mtu mwadilifu hazipuuzi.

Mgogoro huu haukuzaliwa kwetu peke yetu. Huko Marekani, katika mchezo wa besiboli, mrushaji mpira bora wa kila ligi hupewa tuzo iitwayo Cy Young, iliyoanzishwa mwaka 1956, na kwa miaka mingi wapigakura walitazama zaidi idadi ya mechi alizoshinda. Mwaka 2010 akasimama Félix Hernández wa Seattle, aliyeshinda mechi 13 na kupoteza 12, kwa kuwa wenzake hawakumfungia pointi za kutosha, hata timu yake ikapoteza mechi 101 kati ya 162. Lakini yeye mwenyewe aliruhusu wastani wa pointi 2.27 kwa kila awamu tisa, mdogo kuliko wa mrushaji yeyote wa ligi yake. Mshindani wake, CC Sabathia wa New York Yankees, alishinda mechi 21. Waandishi waliopiga kura wakampa tuzo Hernández, wakithibitisha kwamba fundi hupimwa kwa kile kilicho mikononi mwake, wala si kwa utajiri wa nyumba anayoifanyia kazi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Matampi alistahiki, na alistahiki kwa sababu iliyo bora kuliko ile ya 15 kuzidi 14. Lau hesabu ingegeuka, Diarra akawa na 15 na Matampi 14, bado ningesema vivyo hivyo, kwa kuwa mlinda lango wa Tanga alibeba mzigo mzito zaidi akiwa na wachukuzi wachache zaidi. Wala hukumu hii haimpunguzii Diarra hadhi yake, kwa sababu kumshindania tuzo mtu kama yeye ndiko kulikoipa tuzo ile thamani.

Imebaki nasaha moja, nayo naielekeza kwa walimu wa michezo katika shule zetu za Same, Vudee, Chome na Gonja, ambako viwanja vimechongwa ubavuni mwa milima, na mpira ukimpita kipa huteremka bondeni hata utafutwe migombani. Desturi yetu ni kumsimamisha langoni mtoto aliyebaki baada ya wenzake kuchaguliwa, ama kwa unene wake, ama kwa uzito wa miguu yake. Tuiache desturi hiyo. Mchagueni mtoto mwenye macho makali, sauti ya kusikika na moyo usiovunjika, mfundisheni kusimama kabla ya kumfundisha kuruka, na siku timu itakapotoka uwanjani bila kufungwa, mwiteni jina lake wa kwanza, mbele ya wafungaji wote.