Nchi Isiyo na Wenyeji: Uhakiki wa Mchezo wa Far Cry 2

Msomaji, huenda ukastaajabu kukuta uhakiki wa mchezo wa kompyuta katika kitabu cha insha, mahali ulipozoea kusoma habari za riwaya na tamthilia. Usistaajabu. Michezo hii ina watungaji, ina wahusika, ina mwanzo na mwisho wake, na huchukua saa nyingi za vijana usiku na mchana. Kitu kinachotumia wakati wa watu kwa kadiri hiyo hakiwezi kuachwa bila ya kupimwa. Tena huu nitakaoupima hapa unatuhusu zaidi ya mingine, kwa kuwa watungaji wake waliuweka katika bara letu.

Mchezo wenyewe huitwa Far Cry 2. Ulitolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi wa Oktoba mwaka 2008, ukiwa kazi ya mafundi wake wa Montreal, nchini Kanada, chini ya uongozi wa Clint Hocking. Ni mchezo wa kupigana kwa bunduki wa namna ile ambayo mchezaji hauoni mwili wa shujaa wake. Huiona mikono tu iliyoshika silaha, kana kwamba macho ya mpiganaji ni macho yake mwenyewe. Jina lake lina tarakimu ya pili kwa sababu Far Cry ya kwanza ilitoka mwaka 2004. Lakini ile ilitengenezwa na kampuni ya Crytek ya Ujerumani, na kisa chake kilikuwa cha visiwa vya bahari ya Pasifiki, pamoja na viumbe vya kutisha vilivyozaliwa katika maabara. Mwendelezo huu haukurithi kisiwa, wala shujaa, wala viumbe. Aliyeununua akitaka kujua yaliyofuata baada ya kisa cha kwanza alirudi mikono mitupu. Mimi siuhesabu huo kuwa upungufu, kwa kuwa yaliyoachwa hayakuwa na thamani kubwa.

Kisa cha pili ni hiki. Mamluki mmoja anaingia katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, inayoteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya makundi mawili, UFLL na APR. Ametumwa kumwua mfanyabiashara wa silaha aitwaye The Jackal, yaani Mbweha, ambaye ameziuzia bunduki pande zote mbili. Kabla mamluki hajafyatua risasi hata moja, malaria inamwangusha kitandani. Mbweha mwenyewe anakuja chumbani, anaisoma hati ya kazi aliyotumwa mgeni wake, kisha anamwacha hai na kwenda zake. Ni mwanzo mzuri sana: mwindaji amelala hoi, na windo limesimama juu yake likimhurumia.

Kutoka hapo mchezo unafanya jambo ambalo michezo ya aina yake huliogopa, nalo ni kumnyima mchezaji raha. Bunduki iliyookotwa kwa adui ina kutu, hukwama katikati ya mapigano, na ikitumika sana huweza kuharibika kabisa mikononi. Ramani si picha ya ajabu iningiayo pembeni mwa kioo. Ni karatasi, na mchezaji huishika mkononi huku akiendesha gari, wala maadui hawamngoji amalize kuisoma. Akijeruhiwa vibaya, hana budi kujificha nyuma ya mwamba na kuichomoa risasi mwilini kwa koleo. Malaria nayo humrudia mara kwa mara, macho yakamwingia kiwi, na asipomeza kidonge huanguka.

Sifa kubwa kuliko zote hizo ni moto. Mtu aliyekulia mahali ambapo nyasi huchomwa kabla ya mvua anajua kwamba moto wa nyika hauna rafiki, na watungaji hawa walilijua hilo pia. Nyasi kavu hushika upesi kuliko mbichi; upepo huuchukua moto na kuupeleka upendako. Mchezaji anatupa chupa ya petroli ili kuwachoma walinzi wa kizuizi, upepo unageuka, na ghafula yeye ndiye anayekimbizwa, huku magari na akiba ya risasi vikilipuka nyuma yake. Hakuna aliyeupanga msiba huo. Umetokana na kanuni za upepo na ukavu tu, kama misiba ya kweli itokanavyo. Katika riwaya mtungaji anaweza kutueleza kwamba vita vikiwashwa havimtii aliyeviwasha. Hapa mchezaji huyaona hayo kwa miguu yake akitafuta mto wa kukimbilia.

Yako pia mambo ya marafiki. Mamluki huyu hufanya urafiki na mamluki wengine, na anapoanguka vitani mmojawao humjia, akamwinua, akampa bastola na kumvuta mahali pa salama. Mchezaji hulizoea jambo hilo. Halafu siku moja rafiki ndiye anayelala chini akitokwa na damu. Hapo humchoma sindano ya dawa, na pengine sindano moja haitoshi wala ya pili haitoshi, na rafiki anaendelea kuugua kwa maumivu. Mchezaji ana hiari ya kuendelea, au kumwacha, au kumkatisha roho kwa mkono wake. Akifa, amekufa, hatarudi tena katika mchezo wote. Sijui mchezo mwingine wa bunduki unaomlazimisha mchezaji kumtazama usoni mtu anayekufa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Sasa nije kwenye makosa. Madogo nitayapitia mbio. Wahusika husema kwa haraka ya ajabu, kana kwamba wanalipwa kwa kila neno wanalolimaliza mapema. Vizuizi vya barabarani ni adha: mchezaji akiwaua walinzi wote wa njia panda, kisha akaenda mwendo mfupi na kurudi, huwakuta walinzi wengine wamesimama pale pale. Wapo wanaoutetea utaratibu huo, wakisema kwamba ni mfano wa vita visivyokwisha. Hoja hiyo ina akili, lakini haimwondolei mtu uchovu wa kupigana mara ya saba mahali alipokwisha kushinda mara sita. Na ingawa mchezaji hupokea kazi kutoka kwa UFLL na kutoka kwa APR pia, askari wa pande zote mbili humpiga risasi kila wamwonapo, asimpate hata mmoja wa kumsalimu nje ya mahali ambako makundi hayo yana maafikiano ya kutopigana, kama mji wa Pala.

Kosa kubwa ni jingine, na ndilo lililonifanya niishike kalamu. Mtambo wa programu unaouendesha mchezo huu waliupa jina la Dunia. Neno hilo kila mtoto wa kwetu analijua, na bila shaka walilichagua kwa kuwa walikusudia kuumba nchi nzima, yenye eneo la kilomita za mraba 50 hivi, yenye nyika, misitu, jangwa, mito na machweo ya kupendeza. Lakini katika Kiswahili dunia si ardhi peke yake. Tukisema kwamba dunia nzima imeyajua mambo ya fulani, maana yetu ni watu. Dunia ya mchezo huu ina pundamilia na nyati, haina watu. Mchezaji ataendesha gari saa nyingi bila ya kumwona mwanamke akielekea sokoni, wala mtoto akichunga mbuzi, wala mzee amekaa chini ya mti. Vijiji vimesimama, nyumba zina vyombo, lakini wenyewe hawapo. Kila mtu aliye barabarani amebeba bunduki.

Utasema, wamekimbia vita. Ni kweli, na mchezo wenyewe hueleza hivyo. Lakini angalia mahali pekee ambapo raia huonekana. Wako wachache wanaojificha ndani ya nyumba, wakingojea hati za kuvukia mpaka. Mamluki huwaletea hati hizo, na kwa malipo hupewa vidonge vyake vya malaria. Basi mwananchi anaingia katika hadithi ya nchi yake kwa sababu moja tu: mgeni ana homa. Malaria katika Afrika huua zaidi watoto walio chini ya miaka 5, na dawa yake ya kawaida humezwa kwa siku 3 mpaka dozi iishe. Mchezo umeuchukua ugonjwa huo wa watoto wachanga ukaufanya kero ya mtu mzima mwenye bunduki, inayotulizwa kwa kidonge kimoja mpaka itakapomrudia tena.

Hata uchaguzi wa shujaa unatoa ushahidi. Mchezaji hupewa mamluki 9 achague mmoja, kutoka Brazili, Marekani, Haiti, Aljeria, China na kwingineko. Hapana hata mmoja aliyezaliwa katika nchi inayopiganiwa. Kijana wa Kisumu au wa Nakuru anayeucheza mchezo huu hana budi kuingia Afrika kama mgeni, na kuwalenga watu wanaofanana na jirani zake, ambao hawakupewa wazazi wala watoto wala kazi nyingine yoyote ila kufa.

Hocking hakuficha kwamba aliongozwa na Heart of Darkness ya Joseph Conrad, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1899, na ni wazi kwamba Mbweha amechongwa kwa mfano wa Kurtz. Wasomaji wa shule zetu wanamjua Chinua Achebe kwa riwaya zake. Wachache wanajua kwamba mwaka 1975, katika mhadhara aliotoa Marekani, alimshutumu Conrad kwa kuifanya Afrika kuwa pazia la nyuma tu, ambalo mbele yake akili ya Mzungu mmoja inaharibika. Shutuma hiyo ilikuwa na umri wa miaka 33 mchezo huu ulipotoka. Waliorithi kitabu walikuwa na nafasi ya kuyarithi na majibu yake. Yupo mwandishi wa habari, Reuben Oluwagembi, anayejitahidi kuuandika ukweli wa vita hivyo, na kila anaposema nilitamani mchezo umfuate yeye. Lakini amewekwa pembeni, kazi yake kubwa ikiwa ni kupokea kanda za sauti ya Mbweha.

Mwisho wa kisa una ujasiri usiokataliwa. Mbweha anatamka kwamba wote walioleta vita ni ugonjwa, na ugonjwa haubakizwi hata chembe. Yeye atakufa na mchezaji pia atakufa. Mmoja hupeleka almasi mpakani kuwahonga walinzi ili wakimbizi wapite, mwingine huulipua mlima na kuziba njia ili majeshi yasiwafuate. Lolote mchezaji alichagualo, kaburi ni lile lile. Katika michezo ambayo kwa desturi humvisha mchezaji nishani, hukumu hiyo ni nzito, nami naiheshimu. Ila hao wakimbizi ambao watu wawili wamewafia, hatukuwahi kuwajua. Hatuna jina la mama mmoja tutakayeuliza kama alifika.

Far Cry 3 ilitoka mwaka 2012. Kisa kilirudishwa visiwani, vizuizi vikishatekwa vikabaki vimetekwa, na wanakijiji wakaonekana wakitembea njiani. Kutu iliondolewa kwenye bunduki, malaria ikaondoka, na rafiki wa kumwinua aliyeanguka hakuwapo tena. Mchezo huo ulipendwa na wengi zaidi. Ukitaka kuulinganisha na huu wa pili, kumbuka kwamba katika Marekani yote miwili iliwekewa alama ya kuchezwa na wenye umri wa miaka 17 na zaidi.