Kabla ya Kulipa Ada, Kaa Kwenye Mkeka

Mzazi anayetafuta darasa la awali huangalia bembea, basi na sare. Hayo hayatamwonyesha mwalimu. Omba ruhusa ukae na watoto saa ya hadithi, kisha usiondoke mpaka karatasi za kuchorea zigawiwe. Ufundi wa mwalimu wa chekechea huonekana hapo.

Anza na kitabu. Kinachowafaa watoto wa miaka 4 au 5 kina maneno machache kwa kila ukurasa, na picha yake husema jambo ambalo maneno yamelinyamazia: maandishi yanasema Sungura amelala, picha inaonyesha jicho moja li wazi. Mtoto akiligundua jicho hilo, hadithi imekuwa yake. Sikiliza na Kiswahili chake. Vitabu vilivyotafsiriwa haraka humkwaza hata mwalimu anayevisoma, na mtoto hupokea mkwamo huo. Vizuri vipo: tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutoa hadithi za Kiswahili, na tovuti ya African Storybook hutoa nyingine bure.

Kisha tazama mikono. Mwalimu fundi hukishika kitabu ubavuni, kurasa zikiwaelekea watoto, naye anasoma kwa kutupia jicho kwa sababu alikwisha kukisoma kabla. Anayejifunika uso kwa kitabu anajisomea mwenyewe. Kuhusu sauti, wageni wengi hudanganyika. Kunguruma kama simba kunapendeza, lakini mimi husikiliza zaidi kimya. Kabla ya kufunua ukurasa wenye jambo, mwalimu mzuri hutua, na utawaona watoto wakisogea mbele.

Maswali ndiyo yanayotenganisha walimu. "Huyu ni nani?" "Sunguraaa!" Darasa zima limeitikia, na hujui nani ameelewa. Swali lenye uzito halijibiki kwa pamoja: "Ungekuwa wewe, ungejificha wapi?" Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti wa wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu ya watoto wao wadogo walipowasomea vitabu vya picha. Baada ya mwezi mmoja, watoto hao waliwapita kwa lugha wenzao waliosomewa kwa mazoea. Kitabu kilekile, basi, huzaa matunda tofauti kulingana na anayekisoma.

Subiri pia mtoto akatize. Atakatiza tu: "Bibi yangu ana mbuzi kama huyo!" Mwalimu dhaifu atamnyamazisha. Fundi atauliza, "Na wa bibi huingia shambani?" kisha atairudisha hadithi njiani bila mtu kuaibika. Katika darasa la watoto 60 hili ni gumu, nakubali. Ndiyo maana walimu hodari huketi na kundi dogo mkekani huku wengine wakifinyanga udongo.

Sasa sanaa. Inua macho ukutani. Ukiona samaki 30 wa umbo moja, wote wamepakwa buluu bila kuvuka mstari, jua kwamba aliyechora ni mashine ya fotokopi. Watoto wamezoeza vidole, jambo lenye faida yake, ila hawajasema lolote. Ukuta wa darasa zuri una vurugu yake: samaki mwenye miguu, nyumba inayoelea, mtu ambaye miguu imeota kichwani. Mtu huyo asikutishe. Watoto wa miaka 3 au 4 katika nchi nyingi huchora hivyo, na mwalimu anayemshika mtoto mkono ili amwekee kiwiliwili anamwibia hatua ya ukuaji wake.

Vifaa si hoja. Mkaa, chaki, vizibo vya soda, maboksi na udongo wa mfinyanzi vinatosha, mradi mtoto achague mwenyewe.

Alama ninayoithamini kuliko zote iko chini ya mchoro: maneno ya mtoto, yameandikwa na mwalimu kama yalivyotamkwa. "Huyu fisi analia kwa sababu mama yake kaenda sokoni." Mwalimu aliuliza, akasikiliza, akaandika, kisha akamsomea mwenyewe. Mtoto ameona kauli yake ikigeuka maandishi, sawa na yale ya kitabuni.

Shule ikikunyima hata nusu saa ya kukaa mkekani, tafuta nyingine.