Wasomaji wa Meno ya Kale

Katika maduka ya Erfoud, mji wa jangwani kusini mashariki mwa Moroko, meno ya dinosaria huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Hutoka kwenye miamba ya Kem Kem, karibu na mpaka wa Aljeria, ambako wanakijiji huchimba mahandaki membamba kwa mikono wakifuata tabaka la mawe ya mchanga lenye umri wa miaka milioni 95 hadi 100. Ni mengi kwa sababu reptilia wengi, tofauti na sisi, huota meno mapya maisha yao yote: la zamani hung'oka, jingine hupanda. Kutoka hapo husafiri hadi kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani yakiwa na kikaratasi chenye jina, na mara nyingi jina hilo ni kubwa kuliko jino lenyewe, maana jina kubwa hupandisha bei. Hapo ndipo huanza kazi ya watu ninaotaka kuwasifu: watafiti wa makumbusho, na wakusanyaji wachache waliojifunza kwa miaka mingi, ambao huletewa jino lisilo na taya, au taya isiyo na fuvu, wakaulizwa ni la mnyama gani.

Fundi hakimbilii jina. Hulizungusha jino polepole kwenye mwanga, kama mnunuzi wa karafuu anavyochambua kiganja cha punje kabla ya kutaja daraja. Anaangalia kwanza umbo la mkato wake: ni duara, yai, au bapa? Kisha anatafuta kingo mbili kali zinazopanda kutoka shinani hadi nchani, na hapa pana jambo ambalo macho mageni hayalioni. Jino la dinosaria mla nyama kwa kawaida limepinda kuelekea nyuma ya kinywa, na kingo zake hufuata mpindo huo, moja mbele na moja nyuma. Jino la mamba mara nyingi limepinda kuelekea ndani, upande wa ulimi, hivyo kingo zake hukaa ubavuni mwa mpindo. Tofauti hii peke yake imeshusha hadhi ya meno mengi yaliyonunuliwa kwa bei ya dinosaria aitwaye Spinosaurus.

Maana meno ya hawa wawili, Spinosaurus na mamba, hufanana kwelikweli. Spinosaurus alikula samaki, na meno yake ni pia zilizonyooka, zenye michirizi ya wima na kingo laini zisizo na vijino vya msumeno. Mamba wa mito ya kale ya Kem Kem nao wana pia zenye michirizi. Ndipo lenzi inapochukuliwa, na enameli kukaguliwa kwa mwanga wa kutoka ubavuni: mikunjo midogo midogo juu ya jino la Spinosaurus huonekana hapo tu. Mtafiti wa visukuku Ernst Stromer alimpa Spinosaurus jina mwaka 1915 kutokana na mifupa ya Misri, na mifupa hiyo ikateketea Munich ilipopigwa mabomu mwaka 1944. Kwa miongo mingi baada ya hapo, meno yaliyotawanyika yalikuwa sehemu kubwa ya ushahidi uliobaki. Hata juzi juzi, watafiti waliohesabu zaidi ya meno 1,200 kutoka mto mmoja wa kale wa Kem Kem walikuta karibu nusu ni ya Spinosaurus, wakaitumia hesabu hiyo kutetea hoja kwamba aliishi majini. Hesabu ya namna hiyo ingekuwa bure kama mtu angechanganya mamba na dinosaria.

Jino likiwa bapa na lenye msumeno, kazi huwa ya kuhesabu. Vijino vya ukingo huhesabiwa katika kila milimita 5. Urefu wa jino, upana na unene wa shina lake hupimwa kwa kalipa. Carcharodontosaurus, dinosaria mwingine mla nyama, ana jino pana lenye mikunjo ya enameli karibu na kingo. Jamii ya Abelisauridae wana jino fupi, lenye ukingo wa mbele uliopinda sana na wa nyuma ulionyooka. Baada ya vipimo vyote hivyo, fundi bora mara nyingi huandika jina la familia tu, akaishia hapo. Mimi naona huo ndio upeo wa ufundi wake. Ni rahisi kumpendeza mwenye jino kwa jina la spishi. Ni vigumu kumwambia kwamba jino moja halitoshi.

Vipande vya taya vinahitaji jicho jingine. Vingi hutoka kwenye migodi ya fosfeti ya Khouribga, katikati ya Moroko, na ni vya mosasa, reptilia wa baharini waliotoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Mwanasayansi Adriaan Camper alikuwa wa kwanza kuona, mwaka 1799, kwamba taya maarufu ya mosasa kutoka Maastricht, Uholanzi, ambayo baba yake aliidhani ya nyangumi, ilikuwa ya jamaa wa kenge. Bado taya husomwa kwa mantiki ya Camper huyo. Kwa mosasa, jino huota juu ya shina nene la mfupa lililoungana na taya, na upande wa ndani wa shina hilo huonekana shimo linalochimbwa na jino changa linalokuja. Kwa mamba, jino jipya hukua ndani ya uwazi wa jino la zamani.

Ujuzi huo ndio unaofichua bandia. Taya nyingi zinazouzwa zimeundwa kwa meno halisi yaliyopachikwa kwenye mchanga na gundi, wakati mwingine meno ya wanyama tofauti kwenye taya moja. Fundi anatafuta shina na hakuti; anatafuta vitundu vya mfupa na kukuta chembe za mchanga; chini ya mwanga wa urujuanimno, gundi hung'aa tofauti na mfupa. Na si wanunuzi tu wanaohitaji jicho hili. Mosasa aitwaye Xenodens alitangazwa mwaka 2021 kutokana na taya ya Moroko. Mwaka 2024 watafiti wengine walitilia shaka, wakisema meno zaidi ya moja yamekaa katika nafasi ya kishimo kimoja, wakataka taya ipigwe CT scan.

Kwetu pia meno ya kale yamewahi kuzua mjadala. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, wakapeleka mzigo mkubwa wa visukuku Berlin. Humo mlikuwa na meno ambayo mwaka 2012 mtafiti Eric Buffetaut aliyapa jina Ostafrikasaurus, akipendekeza kuwa ni ya jamaa wa kale wa Spinosaurus. Wengine wamempinga. Lakini wote wanaweza kubishana kwa sababu mahali na tabaka la meno hayo vinajulikana, jambo ambalo jino la dukani huwa limelipoteza.

Basi, msomaji wa Lindi, Mbeya au Turkana, ukiona jino la jiwe limechomoza ardhini, usiling'oe wala usilisafishe. Lipige picha likiwa na sarafu pembeni, andika mahali ulipolikuta, kisha toa taarifa makumbusho ya taifa.