Bomba Liliharibu Kazi Nzuri Kimisagara

Kazi ilikuwa imekwisha. Plagi nne mpya za iridiamu zilikuwa zimeshakaa kwenye hedi na washa zake zimebanwa. Kilichobaki ni kurudisha koili na kuwasha. Hapo ndipo shemeji wa mwenye gari alipozunguka nyuma ya nyumba, akarudi na bomba la maji, akalivika kwenye mpini wa racheti na kuvuta mpaka chuma kikalia. Mliokuwepo pale Kimisagara, Kigali, Jumamosi ile baada ya kazi ya jamii ya umuganda mlishangilia. Mimi nasema lilikuwa kosa la wazi, na la kuudhi zaidi ni kwamba lingeepukika kwa kutofanya lolote.

Sitaki kumnyima mwenye gari haki yake. Corolla ile ya injini ya 1ZZ-FE ilikuwa inamisi kila ikipanda kutoka Nyabugogo, skana ikatoa P0302, alama ya silinda ya pili kumisi. Akahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, alama ikageuka P0303, akajua mgonjwa ni koili. Alipuliza vumbi jekundu kwenye visima kabla ya kulegeza plagi yoyote, na injini ilikuwa baridi kwa kuwa gari lilikuwa halijatembea tangu Ijumaa. Vizuri sana.

Turudi kwenye bomba. Plagi ya uzi wa milimita 14 kwenye hedi ya alumini inataka N·m 25 hadi 30, ndivyo watengenezaji wa plagi NGK wanavyoelekeza. Kwa mpini wa sentimita 25, hiyo ni nguvu ya kilo kumi hivi mwishoni mwa mpini. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Sasa refusha mpini kwa bomba ufike sentimita 60, kisha mwanamume mzima auegemee kwa kilo 15 tu, ambazo mwenyewe hata hazihisi. Umeshafika N·m 90, zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa. Yule shemeji hakuegemea kwa kilo 15. Alikunja magoti.

Na kabla ya bomba kulikuwa na grisi ya shaba. Aliipaka kwenye nyuzi za plagi zote nne, eti zisije zikashika siku za mbele. Hoja hii nimeisikia tangu enzi za kabureta na bado hainiingii. Plagi za kisasa hutoka kiwandani na rangi ya fedha kwenye nyuzi: ule ni mpako wa chuma unaozuia kutu na kumwezesha fundi kuzifungua baadaye. Ukiongeza grisi juu yake unapunguza msuguano, na msuguano ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu unayoiweka kwenye spana. Mkono utahisi ukinzani ule ule wa siku zote, kumbe chini plagi imevutwa zaidi. NGK wanaonya waziwazi dhidi ya grisi hiyo. Grisi ikavuta, bomba likavuta juu yake, na nyinyi mkapiga makofi.

Kinachoharibika hakionekani siku hiyo, ndiyo maana tabia hii haifi. Gari liliwaka, likatulia, likapanda mlima bila kumisi. Lakini ganda la plagi lina shingo nyembamba karibu na pale washa inapokaa, na hiyo ndiyo hurefuka ikivutwa kupita kiasi. Kauri ya ndani hulegea kwenye ganda lake na gesi ya moto huanza kupenya. Plagi hupooza kwa kupeleka joto kwenye hedi kupitia nyuzi na washa. Njia hiyo ikiharibika ncha hupata moto kupita kiasi, na mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya cheche. Upande wa pili wa uzi kuna alumini, laini kuliko chuma kinachoivuta. Siku ya kufungua, plagi itatoka na nyuzi za hedi zimeiganda. Hapo hedi itaingizwa helikoili, yaani uzi mpya wa kupachika, na chembe za alumini zikidondoka kwenye silinda ujue umeanza gharama nyingine.

Watu wananiambia: mzee, nani ana spana ya kupimia nguvu nyumbani? Sawa. Basi fuateni kile ambacho viwanda vimekuwa vikichapa kwenye vijikaratasi vya plagi miaka yote. Ingiza kwa vidole mpaka washa iguse, kisha ongeza nusu mzunguko kwa spana. Kwa plagi iliyowahi kufungwa, washa yake imeshabonyea, ongezeko ni dogo zaidi. Hakuna bomba katika maelezo hayo. Kinachonikera ni kwamba mwenye gari huyo alinunua skana na plagi za iridiamu, kisha kazi ya mwisho akamwachia mwenye mabega.

Koili mpya alinunua moja tu, na alifanya sawa; wapo watakaomwambia angebadilisha zote nne kwa sababu zimezeeka pamoja. Kila silinda hapo ina koili yake na kipimo cha kuhamisha kilishamwonyesha ipi imekufa. Mlima nao ulisaidia kuitaja. Ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko, shinikizo ndani ya silinda huongezeka na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka, kwa hiyo koili dhaifu hujisaliti hapo kabla ya kujisaliti kwenye tambarare.

Msiniambie alumini ni tatizo la magari ya siku hizi. Peugeot 404 ilikuwa na hedi ya alumini, na plagi zake zilikaa chini kabisa kwenye visima virefu. Gari hilo ndilo Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Mafundi wa kizazi hicho walichomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta, wakaizungusha kwa vidole viwili mpaka ikae. Ikiwa imeingia upande, mpira huteleza na uzi unapona. Halafu spana fupi, mkono mmoja. Madereva wao waliendesha kwenye matope kwa siku kadhaa mfululizo na plagi hazikuwadondokea njiani. Leo mtu anakwenda Nyabugogo na kurudi, anaogopa plagi italegea.

Kwa mwenye Corolla: usisubiri imisi tena. Siku injini ikiwa baridi kabisa, fungua plagi zote nne taratibu, na ukisikia inakwama rudisha nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Futa grisi yote kwenye nyuzi za hedi kwa kitambaa, bila kuacha nyuzi za kitambaa ziingie ndani. Zile plagi usizirudishe hata kama zinaonekana mpya, kwa sababu shingo iliyorefuka huwezi kuipima kwa macho. Nunua nyingine nne, zifunge kavu, na shemeji abaki sebuleni.